Tartuffe: Mnafiki na Mwenye Kudanganywa

Mchezo uliotungwa zamani utachezwaje leo? Maneno ya mtungaji hayabadiliki, lakini wachezaji ndio wanaoyapa sauti, macho na mwendo. Tuangalie mchezo mmoja uliowachukiza hata wakubwa wa Kanisa: Tartuffe, wa Molière, Mfaransa.

Tartuffe ni mtu anayejifanya mtakatifu. Anaingia katika nyumba ya Orgon, anapewa chakula, heshima, na mwisho mali yote; kumbe anamtamani mke wa mwenye nyumba. Mchezo huo ulionyeshwa kwanza Versailles, mwezi wa Mei 1664, mbele ya Mfalme Ludoviko wa XIV. Mfalme akakataza usichezwe mbele ya watu wote. Mwaka 1667 ulichezwa mara moja tu, ukakatazwa tena. Askofu Mkuu wa Paris akatangaza kwamba atakayeutazama, kuusoma au kuusikiliza atatengwa na Kanisa. Ruhusa ilitoka Februari 1669.

Je, Askofu aliogopa bure? Sivyo. Mchezaji akikunja mikono na kuinua macho juu kwa kuchekesha tu, watu wataicheka sala yenyewe. Molière aliijua hatari hiyo. Ndiyo maana Tartuffe haonekani mpaka sehemu ya tatu: sehemu mbili nzima zinatuonya kwanza, tusije tukamdhania mwema.

Wachezaji wa nyuma walitafuta njia nyingine. Mwaka 1950 Louis Jouvet alimwonyesha Tartuffe kuwa mtu mzito, si wa kuchekesha. Mwaka 1962 Roger Planchon alituelekeza kwa Orgon: kwa nini anamng'ang'ania mgeni huyu kuliko watoto wake? Tena tukumbuke, Molière mwenyewe alijichagulia kumcheza Orgon, si Tartuffe.

Sisi twaona njia hiyo ni njema. Orgon anapojificha chini ya meza na kusikia kwa masikio yake jinsi rafiki yake anavyomshawishi mkewe, watu hucheka. Lakini anapotoka pale chini, mchezaji mwenye akili atanyamaza kidogo, na kicheko kitakwisha.

Basi, ndugu, tukiucheza parokiani, tusimvike mnafiki pembe. Mwenye pembe hamdanganyi mtu. Orgon alitazama magoti yaliyopigwa, hakutazama matunda, ambayo Injili yatuagiza kuujua mti kwayo. Mtazamaji arudi nyumbani akijiuliza si juu ya jirani yake tu, bali juu ya nafsi yake pia.