Mfuatano wa miito

nm [u-/i-], wingi: mifuatano ya miito. (Kompyuta) Mpangilio wa fanksheni kwa jinsi zinavyoitwa, moja baada ya nyingine au moja ndani ya nyingine, programu inapotekelezwa.

Usiandike *mfululizo wa miito*. Mfululizo hudokeza jambo lisilokatizwa, kama mvua ya siku tatu mfululizo, ilhali fanksheni inayoita nyingine kwa kawaida husimama ikasubiri jibu, ndipo ikaendelea. Mlolongo nao humfikirisha msomaji urefu tu. Anachokitafuta mchanganuzi ni utangulizi na ufuasi. Katika Java, kwa mfano, kitu kinachopitia orodha hakiruhusu kufuta zaidi ya mara moja baada ya kila mwito wa kuchukua kipengele kinachofuata. Mwito wa pili wa kufuta huzua hitilafu. Kila mwito, ukitazamwa peke yake, ni halali. Kosa limo katika mfuatano.

Matumizi. Kiambishi *-ka-* hutufaa sana hapa, ila kina mtego. Tazama:

*Fanksheni A iliita B, ikaita C.*

Nani aliyeita C? Majina yote matatu yamo katika ngeli ya i-/zi-, kwa hiyo kipatanishi *i-* hakimtambulishi mwitaji. Wasomaji wengi wataelewa kuwa ni A. Mwandishi huenda alimkusudia B. Tofauti si ndogo: katika maana ya kwanza B imekwisha kumaliza kazi yake, katika ya pili bado inasubiri, na anayesaka hitilafu ataanza kupekua pasipohusika. Taja mtenda waziwazi: *A iliita B, B ilipomaliza, A ikaita C*, au *A iliita B, nayo B, kabla ya kumaliza, ikaita C*.

Katika programu zinazojengwa kwa vitu, mtindo ulioanzia Oslo kwa lugha ya Simula 67 ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, mwito huelekezwa kwa kitu, na klasi ya kitu hicho (klasi, si ngeli, ngeli tuwaachie wanasarufi) ndiyo huamua fanksheni ipi itekelezwe. Matini ya programu yaweza kusema *chora* tu. Ikiwa ni mduara au mraba utakaochorwa, mara nyingi hujulikana programu inapoendeshwa. Kwa sababu hiyo tenga *uchanganuzi tuli*, unaosoma matini na kukadiria miito inayowezekana, na *uchanganuzi wa utekelezaji*, unaorekodi miito iliyotokea hasa.