Kanuni ya Arobaini na Mbili

Katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi, uliopitishwa New York tarehe 9 Mei 1992 na kutiwa sahihi mwezi uliofuata kule Rio de Janeiro, imo ibara ya 18 isemayo kwamba kila dola mwanachama ina kura moja. Na msomaji asiyeifuatilia kadhia hii atadhani, wala si kosa lake, kwamba tangu wakati huo Tuvalu, yenye raia wasiozidi 12,000, imekuwa ikipiga kura yake sawa na China na Marekani. Haikuwa hivyo. Kura ile imo katika waraka tu, na zaidi ya miaka thelathini imepita pasi na jambo lolote kubwa la hewa ya dunia kuamuliwa kwayo.

Chanzo chake ni mkutano wa kwanza wa wanachama, uliofanyika Berlin mwaka 1995 chini ya uenyekiti wa Angela Merkel, ambaye zama hizo alikuwa waziri wa mazingira wa Ujerumani. Wajumbe walitakiwa kuzipitisha kanuni za kuendeshea vikao vyao, nao wakaafikiana juu yake karibu zote, ila walipofika ya 42, inayoeleza la kufanya pindi shauri linaposhindikana, ndipo khitilafu ilipozuka. Saudi Arabia na wenzake wauzao mafuta walikataa katakata wingi wa kura kuwa hakimu. Madola tajiri yakataka mambo ya fedha, kwa uchache, yasiguswe na kura. Ilhali visiwa vidogo, ambavyo vilikwisha kuungana tangu mwaka 1990, vilijua kwamba kungoja ridhaa ya kila mtu ni kuingoja bahari iingie majumbani. Kanuni ikaachwa ndani ya mabano, na mabano hayo hayajaondolewa hata leo. Kila mkutano hufunguliwa kwa tangazo lile lile, kwamba kanuni zote zitatumika isipokuwa hiyo moja; na hata sisi wa Afrika Mashariki tulipokuwa wenyeji, Gigiri, Nairobi, Novemba 2006, chini ya uenyekiti wa Waziri Kivutha Kibwana, mambo hayakuwa tofauti.

Basi kilichobaki ni muafaka, na mlinzi wa muafaka ni nyundo ya mwenyekiti: akitazama ukumbini asione mkono wa kupinga, hugonga, na jambo limekwisha. Ni utaratibu unaotegemea mno jicho la mtu mmoja.

Udhaifu wake ulidhihiri Copenhagen, usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 2009. Wakuu wachache, miongoni mwao Barack Obama, Wen Jiabao, Manmohan Singh, Lula da Silva na Jacob Zuma, walikuwa wamekubaliana faraghani, na habari za makubaliano yao zikatangazwa kwa waandishi kabla wajumbe wengi hawajauona waraka wenyewe. Alfajiri, Waziri Mkuu wa Denmark, Lars Løkke Rasmussen, aliuleta ukumbini na kuwapa wajumbe saa moja tu ya kuutafakari. Claudia Salerno wa Venezuela aligonga meza kuomba ruhusa ya kusema hata kiganja chake kikatoka damu, naye akauinua mkono ule ili mwenyekiti auone. Tuvalu ilikataa, Sudan, Bolivia, Cuba na Nicaragua nazo zikakataa, na baada ya mabishano ya saa nyingi mkutano haukuupitisha waraka, bali ulikiri tu kuwa umeuona.

Naam, usiku ule muafaka ulimkinga mnyonge, na wapendao utaratibu huu wana haki ya kuutaja. Lakini yaliyofuata yana somo lake. Mwaka mmoja baadaye, Cancun, Bolivia peke yake ilipinga, na Patricia Espinosa wa Mexico, akishikilia kwamba muafaka si kauli moja ya wote wala hauipi dola moja haki ya kuwazuia wengine, akagonga nyundo huku ukumbi ukishangilia. Doha, 2012, nyundo ikaipita Urusi. Urusi haikunyamaza, kwani katikati ya mwaka uliofuata, Bonn, iliikwamisha ajenda ya kamati nzima ya utekelezaji kwa wiki mbili. Paris, tarehe 12 Desemba 2015, Laurent Fabius aligonga nyundo yake ndogo ya kijani kabla Nicaragua haijapewa nafasi ya kusema. Bolivia na Nicaragua zilibaki na malalamiko yao, ilhali dola kubwa ilipata njia ya kulipiza. Na hiyo mimi siwezi kuiita insafu.

Wala si kwamba njia nyingine haijulikani. Itifaki ya Montreal ya 1987, iliyoiokoa tabaka ya ozoni, inaruhusu kura pale juhudi za kuafikiana zinaposhindwa, na kuwapo kwa kura hiyo ni sababu tosha ya watu kusikilizana kabla haijapigwa. Mwaka 2011, Papua New Guinea na Mexico zilipendekeza Mkataba urekebishwe ili kura iwe tegemeo la mwisho, zikijua fika kwamba Mkataba wenyewe unaruhusu marekebisho yake kupitishwa na robo tatu ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura. Rai ile haikupata kupitishwa. Naiona kuwa ndiyo ya haki, nami nasikitika kwamba madola mengi ya Afrika, yenye zaidi ya robo ya viti, hayakuishika kwa mikono miwili.

Baku, Novemba 2024, mwenyekiti Mukhtar Babayev aligonga nyundo juu ya ahadi ya dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, mbali mno na trilioni 1.3 zilizokuwa zikidaiwa. Mjumbe wa India, Chandni Raina, alipopewa nafasi ya kueleza kwamba nchi yake inapinga, uamuzi ulikuwa umekwisha kupita.