Gitathuru: Mto Unaopitia Karura

Maji haya ya Gitathuru, kabla ya kufika hapa mtaani Mathare, Nairobi, hupita kwanza Msitu wa Karura. Msitu huo wenye takriban hekta 1,000 ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, lakini sehemu kubwa ya miti yake ya asili ilikatwa ili kupisha mikaratusi na miti mingine ya kigeni.

Miongoni mwa iliyoumia ni mihugu. Muhugu hukua polepole mno, na mbegu zake nyingi huharibiwa na wadudu au hukataa kuota. Mbao zake ni ngumu, nzito, na zikipasuliwa hunukia. Wachongaji wa Kikamba walizipenda sana. Vinyago vingi vya twiga na vifaru vilivyobebwa na watalii vilichongwa kwa muhugu.

Miaka ya 1990 ardhi ya Karura iligawiwa matajiri kinyemela. Tarehe 8 Januari 1999, mwanamazingira Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti huko kupinga ugawaji huo, wakapigwa. Maathai alitia sahihi taarifa yake kwa polisi kwa damu ya jeraha la kichwani. Bila ujasiri ule, pengine leo pangekuwa na majumba tu.

Tangu 2009, jumuiya ya Marafiki wa Karura hushirikiana na Shirika la Misitu (KFS). Mikaratusi huondolewa kidogo kidogo, na miche ya asili hupandwa.

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu hapa Mathare. Kama Karura, kingo za mto huu hapa nazo zinahitaji miti ya asili. Penye unyevu kama hapa, panda mkuyu. Mizizi yake hushika udongo.