Kenya na Umoja wa Ulaya: mukataba wa biashara bila kodi, na maana yake kwa mashariki ya Kongo

Tarehe 1 mwezi wa saba 2024, mukataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika. Bidhaa za Kenya, isipokuwa silaha, zinaingia Ulaya bila kulipa kodi ya duane. Kenya nayo ilikubali kuondoa kodi polepole juu ya sehemu kubwa ya bidhaa za Ulaya.

Mizigo mingi ya Beni, Butembo na Bunia inashukia bandari ya Mombasa, njo maana swali linakuja: je, mukataba huo unapunguza kodi ya muchuuzi kule Kasindi ao Mahagi? Jibu ni hapana. Lakini vile mazungumzo yalivyoendelea inafaa kujulikana, maana Kongo nayo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mazungumzo yalianza namna gani?

Zamani, inchi za Afrika zilikuwa zinauza Ulaya kwa masharti mepesi, bila kuombwa zifungue masoko yao. Masharti hayo yaliisha mwisho wa mwaka 2007. Kuanzia hapo, Ulaya ilitaka mikataba mipya ambamo kila upande unapunguza kodi.

Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilizungumza pamoja. Walibishana kwa miaka, zaidi juu ya kodi ambazo inchi inaweza kutoza bidhaa zinazotoka, na juu ya pesa ambazo Ulaya inasaidia wakulima wake. Ulaya iliweka mwisho: tarehe 1 mwezi wa kumi 2014. Tarehe hiyo ilipita bila mapatano, na maua ya Kenya yakaanza kutozwa kodi ya 8,5 %. Siku 15 kisha, tarehe 16, wakakubaliana. Lakini kodi ile iliondoka tu karibu na Noeli.

Juu ya nini Kenya iliendelea peke yake?

Mwezi wa kenda 2016, Kenya na Rwanda walitia sahihi. Tanzania ilikataa, ikisema viwanda vyake vingeumia. Uganda na Burundi nazo hazikutia sahihi.

Sababu ni nyepesi kuelewa. Kati ya zile inchi tano, Kenya tu njo haikuhesabiwa kati ya inchi masikini zaidi duniani. Zile ingine nne zilikuwa tayari zinauza Ulaya bila kodi, kwa ruhusa inayoitwa "kila kitu isipokuwa silaha", iliyoanza mwaka 2001. Bila mukataba, wao hawapotezi kitu. Kenya inapoteza soko la maua, mboga na matunda. Haraka ya Kenya haikuwa haraka ya majirani.

Mwezi wa pili 2021, wakubwa wa Jumuiya walikubali kwamba inchi iliyo tayari inaweza kutangulia. Kenya na Ulaya wakamaliza mazungumzo mwezi wa sita 2023, wakatia sahihi Nairobi tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 2023. Bunge la Ulaya likakubali tarehe 29 mwezi wa pili 2024.

Kenya ilikubali nini?

Itafungua soko lake kwa 82,6 % ya bidhaa za Ulaya, kwa muda wa miaka 25. Bidhaa fulani za kilimo, nguo na viatu zilibaki inje, ili kulinda wakulima na viwanda. Kuna pia masharti juu ya haki za wafanyakazi na mazingira.

Na Kongo?

Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, lakini haiko ndani ya mukataba huu. Muzigo wa Ulaya unaopita Mombasa kuja Kasindi unalipa duane ya Kongo sawa mbele. Hata kama Kenya iliuondolea kodi, haugeuke kuwa bidhaa ya Kenya: sheria inaangalia mahali kitu kilitengenezwa, haiangalii mahali kilipitia.

Kwa kuuza inje, Kongo ni kati ya inchi zenye ile ruhusa ya 2001. Kakao ya Beni na kahawa ya Kivu zinaweza kuingia Ulaya bila kodi. Hapa njo hasara iko: kakao inayovuka kwa magendo kwenda Uganda inauzwa kisha kama ya Uganda. Kongo inapoteza kodi, na mukulima anapoteza jina la mazao yake.

Mlango wa mukataba uko wazi kwa inchi zingine za Jumuiya. Lakini kwa mazungumzo na Ulaya, Kongo ilipangwa tangu zamani pamoja na Afrika ya Kati, ambako Kameruni tu njo inatumia mukataba wake, tangu mwezi wa munane 2014. Siku Kinshasa itataka kuzungumza, maswali yatakuwa yale yale ya Kenya: bidhaa gani kufungulia, gani kulinda, na kwa miaka mingapi. Ruhusa ya inchi masikini haidumu milele: inchi ikipanda kipato na kutoka katika orodha, inapewa miaka mitatu tu ya kujipanga.