Upepo, Chokaa na Udi: Hewa ya Ndani katika Nyumba za Pwani

Nyumba ya jadi ya pwani ya Afrika Mashariki hujengwa kwa kuufuata upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, wenye joto na ukavu. Kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma kusi, wenye ubaridi zaidi. Baina ya misimu hiyo kuna tangambili, majuma ambayo upepo hauna mwelekeo na joto huganda vyumbani. Ukiongeza unyevu wa bahari, moshi wa kuni na mbu, ndiyo matatizo ambayo mafundi na wenye nyumba walipambana nayo kwa zaidi ya miaka 1,000. Njia yao ilikuwa na mpangilio: kwanza hewa chafu itolewe, kisha kuta zikaushwe, na mwisho chumba kinukishwe.

Makazi ya mwanzo hayakuwa ya mawe. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa kiakiolojia umeonyesha kwamba watu walikaa hapo tangu karne ya 8 katika nyumba za miti na udongo. Nyumba za namna hiyo bado zipo: boriti husimikwa, fito hufungwa, udongo hukandikwa, na juu huezekwa makuti. Kwa kawaida ukuta haufiki hadi kwenye paa, na kupitia mwanya huo hewa ya moto hutoka. Moshi wa jikoni nao hupenya katika makuti na kuwafukuza wadudu wanaoyala. Kwa hiyo moshi ulilinda paa, ingawa waliokaa karibu na mafiga waliuvuta kila siku.

Nyumba za mawe zilienea mijini hasa kuanzia karne ya 14 na 15, kama magofu ya Gedi, Songo Mnara na Kilwa yanavyoonyesha. Ukuta ulijengwa kwa matumbawe na chokaa. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo, kuweka vipande vya matumbawe juu yake, kuvichoma, kisha kuuacha unga wake ukae kabla ya kutumiwa. Ukuta uliopakwa chokaa hunyonya unyevu hewa inapokuwa nzito na kuutoa hewa inapokauka. Chokaa mbichi, kwa ukali wake, pia huzuia ukungu kuota. Kupaka nyumba chokaa upya, mbali na kuipendezesha, kuliondoa harufu ya uvundo katika vyumba visivyopata jua.

Dari ilishikiliwa na boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kiasi cha mita 3 hivi, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18, mtu huingia kupitia daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, kisha hukuta kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kiwanda ndicho pafu la nyumba. Jua likipasha hewa ya juu, hewa hiyo hupanda na kutoka, na ile ya chini, yenye ubaridi wa vichochoro visivyofikiwa na jua, huvutwa ndani. Misana, vyumba virefu vinavyofuatana, hufunguka kuelekea kiwandani, hivyo hupata mwanga na hewa bila kuhitaji madirisha makubwa ya barabarani ambayo yangevunja staha ya nyumba. Mpango huo ulikuwa na upungufu wake: vyumba vya ndani kabisa vilibaki na giza na hewa nzito.

Jiko halikuwekwa katikati ya nyumba. Huko Lamu lilipandishwa juu kabisa, mahali paitwapo kidari cha meko, chini ya paa la makuti, ili moshi uende zake bila kupita vyumbani. Mbu nao walishughulikiwa nyumbani humo humo. Katika birika la maji ya kuogea na kutawadha waliwekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika likazikwa bakuli la kauri ili samaki wabaki na maji hata birika linapopungua.

Mji wa Zanzibar ulikua haraka baada ya Seyyid Said, mtawala wa Oman, kuhamishia makao yake huko katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Nyumba za Waomani zilikuwa na kuta nene na ua wa ndani. Wafanyabiashara wa Kihindi waliongeza roshani na nakshi za mbao zinazopitisha upepo. Hata hivyo, hewa ya ndani haikuweza kuwa njema kuliko ile ya nje. Mmisionari na msafiri David Livingstone, aliyekuwapo mwaka 1866, aliandika kwa karaha juu ya uvundo wa ufukwe uliofanywa jaa la mji. Miaka michache baadaye, mwaka 1869 na 1870, kipindupindu kiliua maelfu ya watu. Wakati huo madaktari wengi duniani waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa mbaya. Kumbe kipindupindu husambaa hasa kwa maji machafu. Sultani Barghash aliuletea mji maji ya bomba, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa na veranda pana kila ghorofa, zilizozuia jua na kuruhusu upepo.

Katika karne ya 20, umbo lililoenea Dar es Salaam, Tanga na Mombasa lilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Ukumbi hupita katikati kutoka barazani hadi uani, vyumba vitatu kila upande. Milango yote miwili ikiwa wazi, upepo hukata nyumba moja kwa moja. Jiko na choo viko uani. Paa la makuti lilipobadilishwa kuwa la mabati, hofu ya moto ilipungua, lakini joto la mchana likaongezeka na ule upenyo wa makuti ukatoweka.

Pamoja na upepo na chokaa kulikuwa na manukato. Ubani ulitoka Somalia na kusini mwa Uarabuni. Udi ulitoka India na nchi za mashariki zaidi. Kufukiza kuna utaratibu. Makaa huwashwa nje hadi moshi wake uishe na majivu meupe yatande, ndipo yatiwe katika chetezo na udi uwekwe juu. Chetezo hupitishwa vyumbani, hasa baada ya kupika samaki, na nguo hutandazwa juu ya tenga ili ziushike moshi. Wageni nao hupitishiwa. Kitandani humwagwa asumini, na vikuba vya rihani na maua mengine huvaliwa. Manukato hayo huondoa harufu puani tu, hayasafishi hewa. Moshi wa udi, kama moshi mwingine wowote, una chembe zinazoingia mapafuni, na katika nyumba iliyofungwa huongeza uchafu. Desturi hii iliota mizizi katika nyumba zilizopitisha upepo, ambamo moshi haukukaa.

Nyumba nyingi mpya za mijini zimeuacha mpangilio huo. Madirisha ya vioo ya kuteleza hufunguka nusu tu. Kiyoyozi kinahitaji chumba kifungwe. Kuta za saruji hupakwa rangi za mafuta zisizopumua, na ukungu huota pembeni. Hatari kubwa zaidi inabaki kuwa jiko. Jiko la mkaa likiingizwa ndani na milango kufungwa, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu usingizini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya wananchi.

Lamu iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na ukarabati wa nyumba za kale umerudisha matumizi ya chokaa katika kuta ambazo saruji ilikuwa imezifungia unyevu ndani. Kwa nyumba za kawaida, yanayoweza kuchukuliwa kutoka jadi hiyo hayahitaji matumbawe: madirisha yanayotazamana, matundu karibu na dari, kuta zinazopumua na jiko lililotengwa na vyumba vya kulala.