Umeme Fiche na Njia Yake Katika Waya

Miongoni mwa majina yaliyotufikia pamoja na vyombo vya kunasia sauti za filamu, sidhani kama lipo linalotajwa kila siku na kufasiriwa kwa nadra kama hili la fantomu, ambalo kwalo mafundi wetu humaanisha umeme wa volti 48 unaopelekwa kwenye maikrofoni kwa kebo ileile iletayo sauti. Utawasikia wakisema, "Washa fantomu," au "Maiki hii bila fantomu haisemi," na kazi ikaendelea, wala hapana anayeuliza ni kwa sababu gani kitu kitokacho katika betri kimepewa jina la mzuka. Lakini fundi aliyechukua maikrofoni ndefu ya upondo, akaiunganisha na kirusha mawimbi kidogo cha mfukoni ili asifungwe na kebo, kisha akaambulia kimya, amekwama hasa pale ambapo fasili ya jina hilo ingemwonyesha njia. Na ndiyo maana nimeona si vibaya tukae nalo kitambo.

Maikrofoni nasema kwa makusudi, kwa kuwa kipaza sauti kimekwisha kuwa jina la vyombo viwili, kile mtu anachosemea na kile kinachopiga kelele juu ya mnara, na katika mambo ya ufundi jina moja la vitu viwili huleta hasara. Upondo nao nimeuazima kwa wavuvi: ule mti mrefu wa kusukumia chombo penye kina kifupi, unaoshikwa kwa mikono miwili, ndio unaokaribiana na ufito wa kuelekezea maikrofoni juu ya vichwa vya waigizaji kuliko hiyo bumu, ambayo Dar es Salaam mwanafunzi wa chuo kikuu akiisikia hudhani mkopo wake umeingia.

Maikrofoni ya koili na sumaku hujizalia umeme wake yenyewe pindi kiwambo kinapotikiswa na sauti. Ya kapasita haiwezi, maana kiwambo chake hutoa ishara dhaifu mno, isiyoweza kusafiri hata mita chache kabla ya kupitishwa katika sakiti iliyomo tumboni mwa maikrofoni, na sakiti hiyo haifanyi kazi ila ilishwe. Zamani za valvu kila maikrofoni ya jinsi hii ilifuatana na sanduku lake la umeme na kebo nene yenye nyaya nyingi. Ilipokuja transista, ambayo mahitaji yake ni haba, ikawezekana nyaya zilezile za sauti zibebe na chakula. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Berlin iliipatia NRK, shirika la utangazaji la Norwei, maikrofoni mpya za KM 84, na huko studio zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 wa taa za dharura. Ikaonekana hapana haja ya kutafuta mwingine. Kwa hiyo 48 hiyo, ambayo leo imeandikwa kwenye swichi za mikisa duniani kote kana kwamba iliteremshwa kwa amri, asili yake ni taa za Wanorwei.

Tazama sasa jinsi umeme huo unavyopita. Kebo ina nyaya mbili za sauti na utando wa waya unaozizunguka. Katika plagi ya pini tatu utando hufungwa pini ya 1, na nyaya hufungwa pini ya 2 na ya 3. Volti 48 hugawiwa nyaya zote mbili kwa pamoja, kila mmoja kupitia rezista yake ya kilo-omu 6.8, na umeme hurejea kwa njia ya utando. Sauti yenyewe ni ile tofauti iliyopo baina ya pini ya 2 na ya 3. Na kwa kuwa zote mbili zimepandishwa kwa kiasi kimoja, tofauti hiyo haiguswi, kama mizani isivyoinama vitanga vyake vinapoongezwa ratili kwa ratili. Ndiyo sababu rezista hizo hazichaguliwi kwa kukisia: kanuni za kimataifa huzitaka zisiachane kwa zaidi ya asilimia 0.4.

Basi jina lilifuata desturi ya mafundi wa simu, ambao tangu awali walikuwa wakipitisha mazungumzo ya tatu juu ya jozi mbili za nyaya, na njia hiyo wakaiita mzuka. Kilichokusudiwa ni njia, si tabia ya umeme. Mtu angeweza kusema umeme wa mzuka, nami naona maana imepinduka, kwani mzuka ni kitu kinachoonekana ilhali hakipo, na huu ni kitu kilichopo ilhali hakionekani. Umeme wa ghaibu una mvuto masikioni, ila ghaibu ni pia kutokuwepo, na umeme usiokuwepo ndio hasa msiba wa fundi. Mimi nachagua umeme fiche, kwa kuwa lugha imekwisha kutuzoesha maana fiche, ile iliyomo ndani ya maneno yenyewe pasipo kuongezewa neno; nao umeme huu umo ndani ya nyaya zenyewe pasipo kuongezewa waya.

Turudi kwa fundi wetu na kimya chake. Kirusha mawimbi cha mfukoni kimeundwa aghalabu kwa ajili ya maikrofoni ndogo ya kubana kwenye ukosi wa shati, nacho huilisha kwa volti chache, kama 5 hivi, kupitia waya mmoja wa sauti na utando. Wengi hudhani kasoro ni uchache wa volti. Kumbe hata zingeongezwa zikafika 48, palipo na waya mmoja wa sauti hapana mwenzake wa kulingana naye, na umeme ukosao mwenzi wa namna hiyo hauna pa kujificha. Ule wa ukosini ni umeme wa dhahiri, huu ni fiche, na mmoja hauwezi kukaa mahali pa mwingine.

Dawa iliyonyooka ni kirusha mawimbi cha kuchomeka kitakoni mwa maikrofoni, chenye tundu la pini tatu na uwezo wa kutoa volti 48. Navyo viangaliwe, kwani kufanana sura si kufanana uwezo: katika vile vya Sennheiser vya kizazi cha nne, SKP 100 haitoi umeme fiche, SKP 500 hutoa. Volti 3 za betri mbili ndogo huinuliwa hadi 48 kwa sakiti ya kupandishia, na mpandisho huo una gharama yake. Maikrofoni ya MKH 416, ambayo wapiga filamu wengi huifahamu, hula miliampea 2. Si nyingi, lakini miliampea 2 za volti 48 zikichotwa katika volti 3 huwa zaidi ya 30, ndipo betri zilizotazamiwa kushinda hadi magharibi zikazimika alasiri.

Asiye na chombo hicho huweka kati kisanduku cha betri kitoacho umeme fiche, kisha kebo ikatoka hapo kwenda kwenye kirusha mawimbi cha mfukoni, nayo iwe na kapasita ya kuzuia zile volti za ukosini zisirudi nyuma. Au atumie maikrofoni yenye betri yake tumboni, kama NTG2 ya RØDE, akapumzika na mjadala wote huu.

Mwenye kipima volti anaweza kuuthibitisha ufiche wenyewe. Aguse pini ya 1 na ya 2: atasoma 48 au karibu yake. Aguse ya 1 na ya 3: vilevile. Aguse ya 2 na ya 3, na kipimo kitasema sifuri. Maikrofoni ikiunganishwa, zile 48 hupungua, kwa MKH 416 hadi 41 hivi, wala hilo si kasoro. Volti 7 zimebaki katika rezista. Ila akikuta volti 12 baina ya pini ya 2 na ya 3, ameangukia chombo cha mfumo wa zamani wa watu wa filamu, ule unaopitisha umeme waziwazi katika nyaya za sauti, kwa mmoja ukienda na kwa mwingine ukirudi. Hapo asiunganishe maikrofoni ya umeme fiche, na ya koili aiweke mbali zaidi, maana koili yake huweza kuungua.