Pafu Lililotibiwa Nje ya Mwili

Kwa miaka mingi, kati ya kila wachangiaji kumi wa viungo, mapafu ya wanane hivi yalikataliwa. Chanzo kikubwa kilikuwa mchochota. Ubongo wa mchangiaji unapokufa, homoni hufurika, presha hupanda ghafla, na maji huvujia kwenye vifuko vya hewa. Mashine ya kupumulia nayo huongeza madhara yake. Halafu pafu linapounganishwa na damu ya mwili mpya baada ya saa kadhaa kwenye barafu, moto wa mchochota huwaka upya.

Pafu la kwanza kupandikizwa kwa binadamu lilishonwa na James Hardy huko Jackson, Mississippi, tarehe 11 Juni 1963. Mgonjwa, mfungwa mwenye saratani, aliishi siku 18. Mafanikio ya kweli yalikuja Toronto mwaka 1983, mikononi mwa Joel Cooper. Mgonjwa wake aliishi zaidi ya miaka 6.

Hata hivyo, pafu liliendelea kusafirishwa kwenye kasha la barafu, nyuzi 4 hivi. Baridi hupunguza kasi ya kuharibika, ni kweli, ila pafu lililozizima halitibiki.

Stig Steen, wa Lund nchini Sweden, ndiye aliyeligeuza jambo hilo. Alitengeneza kimiminika chenye albumini na dekstrani, kinachozuia maji yasivuje kutoka kwenye mishipa. Mwaka 2000 alilipima nje ya mwili pafu la mtu aliyefariki kwa mshtuko wa moyo, kisha akalipandikiza.

Toronto wakaenda mbali zaidi. Shaf Keshavjee na Marcelo Cypel waliyalaza mapafu chini ya kuba la plastiki angavu, kimiminika kikizunguka kwa joto la mwili na kupita kwenye chujio la kunasa chembe nyeupe za damu. Mapafu hupanda na kushuka, yakipumua bila mwenyewe. Katika utafiti wao wa mwaka 2011, mapafu 20 kati ya 23 yaliyotiliwa shaka yalipandikizwa. Baada ya saa 72, asilimia 15 ya waliopokea walikuwa na madhara makubwa ya pafu, dhidi ya asilimia 30 ya waliopata mapafu ya kawaida. Wagonjwa walikuwa wachache mno kutangaza ushindi, lakini kulingana tu na mapafu mazuri kulitosha kuwashangaza wengi.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, timu hiyo ilikuwa imejaribu jambo la kijasiri zaidi. Ilitumia kirusi kilichorekebishwa kuingiza jeni ya intalukini-10, protini inayotuliza kinga, ndani ya mapafu ya watu yaliyokwisha kukataliwa. Kemikali za mchochota zikapungua, na upitishaji wa oksijeni ukaboreka.

Baridi nayo haikutupwa. Mwaka 2021, wataalamu hao wa Toronto walieleza kuwa mapafu yaliyowekwa kwenye nyuzi 10 yalihifadhika vizuri kuliko yale ya barafuni, na wagonjwa watano walikuwa tayari wamepandikizwa ya namna hiyo. Pafu linalofika usiku wa manane sasa linaweza kusubiri jokofuni hadi timu ya upasuaji iingie kazini asubuhi.